Kuku wa Mawe Aliyeninyang'anya Makambi

Jumapili, 2 Agosti

Masimba. Leo nimewasha mashine ya kuchanganya simiti katika uwanja wa kanisa. Ni ya Jibril, muuza vifaa vya ujenzi. Ndani nimetia mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchonga vinyago. Mdomo nimeufunga kwa bati na kufuli. Itazunguka hadi Ijumaa, Sabato tupumzike, Jumapili tufungue hadharani. Kama viumbe hujitokea tu bila Muumba, haya, atoke humo hata kuku mmoja. Nimetangaza kwa kipaza sauti: uwezekano ni mmoja kwa bilioni mia nane. Akitoka, nafasi yangu ya kuhutubia makambi, mikutano mikuu ya kanisa ya kila mwaka, namwachia Dakta Linet.

Linet huyo nilimfundisha baiolojia mwenyewe. Amesema watu wa Masimba humwamini Mungu bila kelele za injini. Wivu. Uprofesa wangu sikurithi, nimesoma kwa kuuza ndizi.

Jumatano, 5 Agosti

Mzee wa kanisa, Masese, analalamika kwamba maombi ya jioni hayakusikika. Nikamwambia hiyo kelele ndiyo ushahidi. Linet kapita, kaniuliza mbele ya watu, Mwalimu, ameshaanza kutaga? Wamecheka hadi waumini wangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimezima kabla jua halijazama. Bitutu, mke wangu, asema suti ya Sabato inanuka petroli.

Jumapili, 9 Agosti

Nilifungua mwenyewe. Vumbi jeupe, changarawe. Masese akaingiza mkono, akatoa kuku. Mdomo, mgongo wa mviringo, mkia juu. Nikasema ni jiwe tu. Damaris wa kwaya akasema ni mtetea, tena amelalia mayai.

Nikamshutumu Linet. Wakanikumbusha ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Basi nikatangaza muujiza: Muumba ameingia mwenyewe kwenye mashine. Masese akauliza: kuku asipotoka ni ushahidi, akitoka ni ushahidi, sasa Profesa, ni nini kisichokuwa ushahidi? Nikamwambia alete swali hilo kwa maandishi.

Hapo Damaris akaanza kuhesabu kwa vidole. Eti nilianza Jumapili. Nikafanya kazi siku sita. Ya saba nikapumzika. Kiumbe kikatoka. Akaniuliza polepole, baba, kwani wewe unajifanya nani?

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikainua kipaza sauti nijibu. Masese akaninyang'anya kipaza sauti, akasema makambi ni ya Linet, na mimi niketi nyuma, karibu na mlango.

Jumatatu, 10 Agosti

Kosa nimeliona. Ni siku. Leo nimewasha upya, nyumbani, nyuma ya migomba. Nitaizungusha siku tano tu, asije mtu akasema naiga kitabu cha Mwanzo. Ijumaa nampelekea Masese changarawe tupu, naye atanirudishia nafasi yangu.

Bitutu ameuliza, je, akitoka jogoo? Nimemshangaa. Jogoo ana kilemba. Uwezekano wake ni mdogo hata kuliko wa kuku.