Plafond ya Mama Adeline Haitikisiki

Jumatatu, 17 Machi 2003

Tangu leo miye Chance ni inspecteur wa upepo, quartier Ngezi, mtaa wetu hapa Bunia. Muzee Gérard, président wa mutuelle, chama chetu cha kusaidiana mabati, amenichagua mbele ya watu. Kila nyumba inatoa bakuli ya maharagi kwa mwezi. Upepo ukibeba paa, mutuelle inalirudisha. Sasa Muzee anasema nyumba ngumu itatoa nusu bakuli. Na nani atajua ipi ni ngumu? Miye. Hubert alitaka hii kazi, eti yeye iko na ngazi. Nilimwambia mbele ya wasichana: ngazi haina akili, na mwenyewe vilevile.

Nusu ya quartier wamekimbia vita. Nimeanza na nyumba zao. Milango wazi, mabati yanapiga pa, pa, kama mtu anayeitika. Katika moja, sahani iko mezani, kijiko bado ndani ya ugali mukavu. Niliandika: haifai. Nikatoka bila kukimbia. Karibu bila kukimbia.

Jumanne, 18 Machi

Upepo wa kabla ya mvua. Nyumba zote zinatetemeka na kupiga filimbi. Ya Mama Adeline, yule mjane: kimya. Plafond za watu wengine, zile dari za mikeka, zinapanda na kushuka kama tumbo la mgonjwa. Yake haisogei. Niligonga na fimbo ya fagio. Sauti nzito, ya gunia lililojaa.

Nikataka kupanda, nione ujanja wa fundi wake. Mama alisimama chini ya kitundu cha kupandia, akasema kule iko nyoka. Akasema nusu bakuli haitaki, atatoa mbili. Nilimhurumia, hajui hesabu.

Kwenye chemchemi nilimsifu mbele ya wote: plafond yake haitikisiki hata Mungu akipuliza. Wamama waliangalia ndoo zao. Hubert tu aliuliza, sababu gani haitikisiki? Kaka yake anabeba bunduki, anapita nyumba kwa nyumba kutafuta wale waliojificha. Nikamjibu: science.

Jumatano, 19 Machi

Mama Adeline alienda kuteka maji. Inspecteur hangoji ruhusa. Nikapanda. Giza, joto. Nikapapasa mti wa paa, nijue kama umeliwa na mchwa. Nikashika kidole cha mguu. Kikajivuta.

Halafu macho. Ni Nadège, mushonaji wa barabara yetu, mume wake Xavier, na mutoto wao, mkono wa mama juu ya kinywa chake. Sote tulisema walishakimbia vita, wako Aru. Miye nilisema hata niliwaona wakipanda gari. Xavier alitikisa kichwa tu, polepole.

Nilishuka kwa matako. Mama Adeline alikuwa chini, ananingoja. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Akasema, Chance mwanangu, kaka ya Hubert akijua, watakufa wale, halafu miye. Nikaapa kwa kaburi la baba. Kisha nikakumbuka chemchemi.

Alhamisi, 20 Machi

Hubert amekuja na ngazi. Kaka yake nyuma, bunduki begani, anatafuna muwa. Wanataka kuona ile plafond ya science. Nilirukia juu ya paa mbele yao. Nikasema nilikosea, mchwa wamemaliza miti yote, atakayepanda ataanguka pamoja na nyumba. Hubert akacheka, akaegemeza ngazi.

Nikang'oa bati, nikaliachia. Likavunja ngazi katikati. Kaka yake alicheka mpaka akapaliwa na muwa. Miye sikucheka: jua liliingia pale bati lilipotoka, na chini yangu Nadège alikuwa ananitazama, bila kupepesa.

Kaka akauliza nini iko ndani. Nikasema popo. Akasema yeye anapenda popo, atarudi Jumapili, siku ya Mungu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kubwa. Juu ya mabati husikii hata kinywa chako mwenyewe. Hakuna mtu njiani. Wametoka wote watatu chini ya bâche moja ya plastiki, miye mbele, nachungulia. Nilipogeuka, maji yalishakula nyayo zao, kama hawakupita kamwe.

Sasa wako ndani ya plafond ya Muzee Gérard mwenyewe. Alinishika sikio, akasema, weye, funga kinywa. Nikamwambia kinywa changu ni kaburi.

Jumamosi, 22 Machi

Nyumba ya Mama Adeline: haifai, bakuli nzima. Ametoa akinishukuru. Miye ni inspecteur wa kwanza Bunia kushukuriwa.

Mchana nilikutana na Viviane, dada ya Hubert, mrembo kupita wote hapa. Akaniuliza ni inspecteur gani anayesifu nyumba iliyoliwa na mchwa. Ikaniuma. Nikasema kuna kazi za wanaume yeye hawezi kuona. Akaniita muongo, akageuka kwenda. Basi nikamwelezea kidogo, ajue anaongea na nani.

Nimemuapisha kwanza. Ameapa vizuri sana. Akanishika mkono, akauliza mara mbili ni plafond ya nani, asije akasahau. Nafikiri amenipenda.