Buluu ya Kufulia na Mchawi Mkuu

Jumatatu, 7 Februari 1921
Studio ya filamu tena. Picha yenyewe nusu mafunzo, nusu vitisho: jinsi mababu zetu hapa Denmark walivyowachoma wachawi. Mimi mchawi wa nyuma kabisa. Viggo wangu analala kapuni chini ya meza ya mavazi, na mwongozaji, Bwana Thorlund, hana neno. Kule kwenye udobi niliambiwa mtoto atoke au mimi nitoke. Kazi hii siiachi! Lakini wachawi wa nyuma tunaachishwa Jumamosi. Atakayebaki mpaka majira ya kuchipua ni mchawi mkuu, na bado hajachaguliwa. Majaribio keshokutwa.

Jumanne, 8 Februari
Mpinzani wangu ni Bi Abelone, mjane muuza samaki. Pua ya ndoano, jicho chongo, vyote vyake mwenyewe. Kaniuliza mbele ya watu: na mashavu hayo, binti, utamroga nani, bata? Wakacheka. Nikamnyonyesha mwanangu, nikapanga.
Jioni nimejipaka buluu ya kufulia. Makunyanzi, mifuko chini ya macho, mashavu yamebonyea. Jirani kaja kuazima mkate, kapiga yowe, kaondoka bila mkate. Safi!

Jumatano, 9 Februari
Majaribio. Studio nzima iliniogopa. Bi Abelone alinuna. Mpiga picha, Ejnar, alitaka kuniambia kitu kuhusu buluu. Nikamwambia kaka, zungusha mkono wa kamera yako, uso niachie mwenyewe. Akazungusha.

Ijumaa, 11 Februari
Tumeonyeshwa majaribio. Msiba! Filamu haioni buluu, inaitoa nyeupe. Makunyanzi yangu yote yameyeyuka. Nimeinamia chungu cha uchawi na uso laini kama msichana wa kipaimara. Bi Abelone kauliza kama nachemsha sumu au uji wa mtoto. Nafasi kapewa yeye. Ejnar kasema hilo ndilo alilotaka kuniambia: buluu hutoka nyeupe, nyekundu hutoka nyeusi. Si angesema kwa sauti!
Nimelia kidogo, kisha nimefua nepi.

Jumamosi, 12 Februari
Nilimfuata Bwana Thorlund mlangoni, Viggo begani. Nikamweleza habari za udobi, bila kupiga magoti. Kumbe anatafuta wa kuigiza mama kijana anayesingiziwa uchawi na majirani zake, na uso wangu ule laini wa majaribio umemkaa moyoni. Kazi mpaka majira ya kuchipua, mtoto aje. Sharti moja: nije na uso wangu mtupu. Akiona rangi hata chembe, mimi na kapu langu nje. Nikaapa.

Jumapili, 13 Februari
Namshukuru Mungu. Kesho tunaanza.
Ila nimewaza. Mwanamke anayesubiri kuchomwa hawezi kuwa na macho maangavu hivi. Bwana Thorlund ni mwanamume, hajui mama akikesha anakuwaje. Na nyekundu si hutoka nyeusi? Nimechemsha bitiruti mbili, maji yake mekundu kama damu. Nitapaka kidogo tu chini ya macho.
Hatagundua.