Barabara ya Mwenye Lango

"Kuanzia leo," alitangaza Mkurugenzi wa Barabara za Mitaa, akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, "tatizo la mashimo limekwisha."

Mashimo yenyewe yalikuwa palepale, yamejaa maji. Kilichokwisha ni tatizo. Kamati yake ilikuwa imejifungia hotelini na kutoka na Sera ya Ushirikishwaji wa Lango: kila kipande cha barabara ni wajibu wa yule ambaye lango lake linakitazama. Afukie, asawazishe, agharamie. Serikali ingebaki na ile kazi ngumu ya kusimamia.

"Na kodi tunayolipa?" aliuliza fundi cherehani, ambaye wateja wake walikuwa wakifika wamebeba viatu mkononi.

"Kodi inagharamia kamati, mama."

Mkurugenzi alifurahi, maana naye aliishi mtaa huohuo, na Waziri angekuja karibuni kujionea sera. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Suti ya kukikalia ilishashonwa.

Kesho yake nyundo zililia mtaa mzima.

"Wananchi wanachapa kazi," alimwambia mkewe.

"Umewauliza wanagonga nini?"

"Kiongozi haulizi, mke wangu. Anasimamia."

Siku ya ugeni, gari la Waziri lilizama shimoni mbele ya nyumba ya fundi cherehani. Waziri alishuka, kiatu kimoja kikabaki topeni. "Hapa ni wajibu wa nani?"

Mkurugenzi alinyoosha kidole, kikakosa pa kwenda. Palipokuwa na lango sasa palikuwa na ukuta mpya. Kwa jirani, ukuta. Mtaa mzima ulikuwa umeipa barabara kisogo na kufungua malango nyuma, uchochoroni. Lililobaki kuitazama barabara ni moja tu, jeusi, lenye simba wawili wa saruji.

"Na lile?"

"La kwangu, Mheshimiwa."

"Basi barabara yote ni yako. Hongera."

Mkurugenzi alimvuta pembeni mwashi aliyekuwa akimalizia ukuta wa jirani. "Na mimi nigeuzie lango. Leo hii."

"Ningekugeuzia, bosi. Ila uchochoro wa kwako uliuziba mwenyewe, ulipojenga banda la magari."

Fundi cherehani alichungulia juu ya ukuta wake, akateremsha beleshi. "Chukua, jirani. Mimi sina kazi nalo tena."

Waziri, kiatu kimoja mguuni, akawaita wapiga picha wasogee. Sera ilikuwa imeanza kufanya kazi.