Firigisi ya Mheshimiwa Gavana

Serikali ya Mkoa wa Kalwembe ina heshima kubwa kukutangazia, ewe mgeni mtarajiwa, kwamba umekaribishwa rasmi. Kibali cha kuingia huchukua siku arobaini na cha kutoka siku sitini, kwa hiyo utapata nafasi ya kutosha kutuzoea.

Mimi ni Firmino Sakaimbo, Mkuu wa Ofisi ya Kupokea Wageni na Kuwaaga kwa Uangalifu, na maelezo haya mafupi ya mkoa nimeyaandika kwa mkono wangu. Mkoa wetu ni tajiri kupindukia. Udongo ni mwekundu, mvua hunyesha miezi minane, na chini kuna almasi, ambazo sisi kwa unyenyekevu tunaziita mawe. Kwa sababu ya utajiri huo, mwananchi haruhusiwi kuchimba choo, kisima wala kaburi bila kibali. Marehemu wetu wamejifunza kusubiri.

Mgeni lazima aelewe habari ya kuku. Kuku wa kwetu hudonoa changarawe kama kuku wa kokote, ila changarawe yenyewe ndiyo hayo mawe. Ndiyo maana sisi Wachokwe wa huku mgeni wa heshima tunampa firigisi nzima, haijaguswa na kisu. Ukimpa iliyopasuliwa, maana yake umeshaipekua kwanza, na hilo ni tusi. Mchanga kidogo utausikia kwenye meno. Vumilia.

Serikali isingeweza kuiacha hali hiyo ijiendee tu. Nikatunga Kanuni ya Kumi na Nne, ambayo, bila kujisifu, ni nzuri sana: jiwe likikutwa tumboni mwa kiumbe, awe kuku, mbuzi au binadamu, basi mahali kiumbe huyo anapokula na kulala ni eneo la mgodi, na wakazi wake watahamishwa ndani ya siku saba. Binadamu niliwatia humo kwa sababu wachimbaji wa magendo nao humeza. Mheshimiwa Gavana Anacleto Samuhongo aliisaini mbele ya kamera za televisheni. "Kanuni hii ni ya wote," alisema, "hata mimi." Tulipiga makofi dakika sita.

Mashine za eksirei zikafungwa, moja darajani na moja uwanja wa ndege. Wa kwanza kunaswa alikuwa jogoo wa Mama Nakalombo, mjane wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akimpelekea dada yake. Mashine ilionyesha kitone cheupe tumboni mwa jogoo. Sajini Chiteta, msimamizi wa mashine zote mbili, akamweka ndani, jogoo, na mimi nikamwandikia mama barua ya kuhama.

Alikuja ofisini kesho yake, barua mkononi.

"Firmino, nyumba ile nimezalia watoto sita. Mume wangu amelala pale nyuma ya muhogo. Mnanipeleka wapi?"

"Mtaa Mpya, Mama. Nyumba za kisasa, mabati hayajashika hata kutu."

"Na maji?"

"Maji yako kwenye mpango."

"Tangu lini?"

"Mpango hauna lini, Mama."

Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyejikojolea. "Na jogoo wangu?"

"Atapasuliwa Jumamosi nyumbani kwako, mbele ya Mheshimiwa mwenyewe, ili jiwe lithibitishwe."

"Yaani mgeni anakuja kwangu, halafu jogoo apasuliwe uani kama maiti ya hospitali? Huo si ustaarabu, mwanangu. Nitampika. Mheshimiwa atakula kama watu wanavyokula."

Niliisoma kanuni mara mbili. Haikukataza kupika. Nakiri nilimwonea huruma yule mama, lakini huruma haina fomu, basi nikashindwa kuishughulikia.

Jumamosi Mheshimiwa alifika na magari kumi na moja. Mama Nakalombo akapiga magoti, akampigia makofi ya salamu, akamnawisha mikono. Ukaja ugali wa muhogo, kikaja kisamvu, akaja jogoo mwenyewe vipande vipande. Mwisho kikaja kibakuli kidogo, ndani yake firigisi peke yake.

"Haijaguswa na kisu, Mheshimiwa," alisema. "Kilichomo utakijua wewe."

Mheshimiwa akaitia mdomoni, akatafuna. Kach! Uwanja mzima tuliisikia. Taya likasimama. Nikasogea na kisahani cha serikali, kilichotandikwa kitambaa chekundu, tayari kupokea. Mheshimiwa akakitazama kisahani, akanitazama mimi, akameza, akashushia na bilauri nzima ya maji.

"Vipi, Mheshimiwa?" niliuliza.

"Mchanga tu. Hakuna jiwe."

"Hata dogo?"

"Firmino, mimi ni mwongo?"

Nikasema Mungu apishe mbali. Mama Nakalombo alikuwa bado amepiga magoti. "Kama jiwe hakuna," alisema kwa upole, "basi naomba niandikiwe."

Mheshimiwa alikuwa na haraka ya ghafla ya kwenda Luanda. Akasaini juu ya boneti ya gari: jogoo hakuwa na jiwe, na kiwanja ni cha Mama Nakalombo na vizazi vyake. Mama akataka na muhuri. Nikaugonga, halafu akaomba mwingine, nikaugonga tena.

Magari yalipoondoka nilimuuliza, "Mama, wewe hukuogopa? Je, kama angelitoa lile jiwe?"

"Nimekaa na wakubwa wa mawe miaka hamsini," alisema, akikusanya vyombo. "Sijamwona hata mmoja aliyetema."

Alasiri ile niliitwa uwanja wa ndege. Nilimkuta Sajini Chiteta amesimama wima mlangoni, na Mheshimiwa anatokwa jasho.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Wewe ndiye uliyesema kanuni ni ya wote, hata wewe. Nilikuona kwenye televisheni."

Alikuwa ameshapita kwenye mashine. Chini ya mbavu zake kilionekana kitone cheupe, ukubwa wa punje ya mahindi. Mtunzi wa kanuni nilikuwa mimi, hivyo wakanigeukia.

"Firmino," Mheshimiwa alininong'oneza, "mwambie huyu mjinga jiwe ni la yule jogoo."

"Jogoo hakuwa na jiwe, Mheshimiwa. Nina saini yako hapa."

Ndege ikaondoka na begi lake.

Mambo yakafuata utaratibu. Jiwe lenyewe lilitoka Jumatatu, mbele ya mashahidi wawili. Mahali kiumbe alipokuwa akila na kulala palithibitishwa kuwa ni Ikulu ya Mkoa, na siku ya saba greda likaingia bustanini. Mgeni, ukifika usiulizie Ikulu. Ulizia shimo, na uvae mabuti. Jiwe halijapatikana humo hata moja, lakini kosa hilo si la kanuni.

Mheshimiwa sasa anakaa Mtaa Mpya, nyumba namba tisa. Juzi alinisimamisha, ndoo mkononi, akaniuliza habari ya maji. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba yako kwenye mpango.

Jumapili iliyopita Mama Nakalombo alivuka mto kwenda kumpa pole. Nilimsindikiza, kwa kuwa ziara zote ziko chini ya ofisi yangu. Akapiga magoti vilevile, akampigia makofi vilevile, akafunua kapu. Kulikuwa na kuku mzima aliyepikwa vizuri, na kibakuli kidogo pembeni. Firigisi ilikuwa imepasuliwa vipande vinne, imeoshwa ikatakata.

Mheshimiwa akaigeuza kwa kidole.

"Umeipasua, Mama."

"Ndiyo, baba. Wewe kula tu."