Nilivyomtaja Bwana Shamba Darasani

Wenzangu, leo nimeaibika mchana kweupe, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua ugomvi wangu na Chande, bwana shamba wetu hapa Kilangala. Chumba ni kimoja: mimi nafundishia kisomo cha watu wazima, yeye anahifadhia mbegu. Asubuhi nilikuta magunia yake ya karanga juu ya mabenchi yangu. Nikamwambia benchi si ghala. Akanijibu kwamba watu hawali herufi. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba darasa lihamishiwe nje, na mwenyekiti akasema atakuja mwenyewe kuamua.

Basi sikutulia. Nafuta ubao, natazama mlango. Naandika, natazama mlango. (Neno "jembe" nililiandika mara mbili. Hakuna aliyenisahihisha, wana adabu.)

Tukimaliza herufi, huwa nawasomea akina mama riwaya kidogo. Sasa tuko kwenye ile ya meneja Daudi na Rehema, mpiga chapa wake, wanaogombana ofisini tangu ukurasa wa kwanza. Wanaipenda mno. Nami (siwafichi) naipenda kuwazidi. Siku moja niliwauliza kwa nini wasitake mapenzi ya watu wanaopatana. Bi Somoe, mkubwa wao, akasema anayekubembeleza anaweza kumbembeleza yeyote, lakini anayeamka kila siku agombane na wewe tu, huyo amekuchagua.

Leo tulifika pale wanapobaki wawili ofisini, mvua inanyesha. Darasa kimya, wamebanana kati ya magunia. Nikasoma huku sikio liko nje:

"Rehema akamwambia, 'Nimekuchukia siku zote hizi, kumbe nilikuwa nakupenda, Chande.'"

Sikujisikia. Wallahi sikujisikia.

Bi Somoe akauliza taratibu, "Kampenda nani, mwalimu?"

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikamtamkia kama tunavyofundisha, silabi kwa silabi, kwa sauti: "Cha-nde."

Na darasa zima, kama nilivyolizoesha, likaitikia: "Cha-nde."

Ndipo nikageuka. Mlangoni wamesimama mwenyekiti na bwana shamba mwenyewe, kofia mkononi.

Akina mama walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Nikataka kueleza, kitabu kikanidondoka. Mwenyekiti akakohoa, akasema darasa libaki na mbegu zibaki, yeye hakuchaguliwa kutenganisha watu. Akaondoka.

Chande alinyanyua gunia moja kutoka benchi la mbele, akaliweka chini. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mwalimu, huyo Chande alijibu nini?"

Nikamwambia hatujafika huko.

Kesho asubuhi niko naye chumba hicho hicho. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, asinifuate na kicheko kisimani.