Tiketi za Roki na Foleni ya Shangazi

Kuna usingizi wa mchana unaoletwa na shibe, na kuna usingizi wa muuza tiketi asiye na mnunuzi. Huu wa pili ndio Sharubati aliouona alipokuwa akikatiza mbele ya ukumbi mkubwa wa mji. Mama wa dirishani alikuwa amelaza shavu juu ya rundo la tiketi, na juu ya kichwa chake limebandikwa tangazo: bendi kubwa ya roki, inayoizunguka dunia na magitaa yake, itapiga hapa mjini mara moja tu, Jumamosi ijayo. Chini kabisa waliandika onyo kwamba kila mtu ataruhusiwa tiketi mbili, si zaidi. Onyo lenyewe lilikuwa kichekesho, maana hata hiyo moja hakuna aliyeitaka.

Huyu Sharubati, jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa mama yake na kwa polisi. Mtaani aliitwa hivyo kwa sababu maneno yake yalishuka kooni bila kutafunwa. Kazi yake ilikuwa kuuza kisichokuwa chake kwa mtu asiyekihitaji, na aliifanya kwa bidii ambayo, kama angeifanyia kazi nyingine yoyote, leo tungekuwa tunampigia saluti.

Basi akiwa amesimama pale akimhurumia mama wa dirishani, macho yake yakavuka barabara. Watu watatu walikuwa wamesimama kwa mstari mbele ya mlango uliofungwa. Akaja bwana mmoja mwenye mkoba, akajiunga nyuma.

"Samahani, hapa wanatoa nini?" akauliza yule bwana.

"Sijui. Mimi nimemkuta huyu."

"Na mimi nimemkuta yule."

Yule wa mbele kabisa alikuwa anamsubiri mkewe. Lakini yule bwana wa mkoba hakuondoka, na nyuma yake tayari wamefika wengine wawili, mmoja amekunja uso kwa hofu kwamba zitakwisha kabla hajafikiwa. Ndugu msomaji, usicheke, nawe umewahi kusimama hapo. Sharubati hakucheka. Aliutazama mstari ule, akageuka kuzitazama tiketi zilizolaliwa shavu, akaona biashara.

Alikosa kitu kimoja tu, mtaji. Na mtaji, kwa bahati mbaya, alikuwa nao nyumbani, ila haukuwa wake.

Mchumba wake alikuwa msusi. Miaka sita alisuka vichwa vya watu kwenye kibaraza cha saluni ya mtu mwingine, akidunduliza kidogo kidogo, mpaka pesa ikatosha kupanga fremu yake mwenyewe ya duka. Mwenye nyumba alimpa hadi Ijumaa saa sita mchana, la sivyo fremu inachukuliwa na muuza simu. Msusi hakuwa na nafasi ya kutoka kazini, kwa hiyo pesa ya kodi akamkabidhi mume mtarajiwa aipeleke. Mimi hapa moyo huniuma, kwa sababu alimpa kwa mikono miwili.

"Umemkuta mwenye nyumba?" akamuuliza jioni ile.

"Nimemkuta, mpenzi. Tumekaa, tumekunywa chai, ameniita mwanangu."

"Na fremu umeiona?"

"Nimeionaje! Mwanga tele. Humo hata chawa atajiona kwenye kioo, aone aibu, ahame."

Msusi akacheka mpaka akashika mbavu. Pesa ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Sharubati, haijafika kokote.

Kesho yake alfajiri akaenda kwa shangazi yake, sauti ya kwanza ya kwaya ya akina mama na mwenye neno la mwisho katika ukoo mzima.

"Shangazi, shikamoo. Nimewaletea kazi wewe na kwaya yako. Kazi yenyewe ni kusimama."

"Marahaba. Kusimama wapi, na malipo lini?"

"Malipo manono, shangazi, mkimaliza."

"Mbona malipo yako manono siku zote yanakaa mbele ya safari?" akasema shangazi. Lakini mtoto wa kaka ni wako, ufanyeje. Akawaita wenzake.

Sharubati akawafunza kama mwalimu wa jeshi. Wasipige soga. Wachungulie mbele mara kwa mara. Mtu akiuliza, wamjibu kwamba zinakaribia kwisha, wasiseme kitu gani. Kila mama akapewa pesa ya tiketi mbili, na kabla jua halijachomoza vizuri kwaya nzima ilikuwa imepangana mbele ya ukumbi, imenuna kama inayosubiri hukumu.

Mama wa dirishani alipozinduka alidhani jengo linaungua. Akauza. Nyuma ya kwaya akajiunga fundi viatu, nyuma yake daktari wa meno aliyemwacha mgonjwa mdomo wazi, nyuma yake mwalimu wa hesabu, halafu mji. Ilipofika adhuhuri likatundikwa dirishani bango lenye maneno mawili: TIKETI ZIMEKWISHA.

Maneno hayo yana nguvu kuliko dawa ya mapenzi. Watu ambao juzi walidhani roki ni aina ya sabuni sasa walikuwa wapenzi wake tangu utotoni. Vijana wakanunua fulana nyeusi. Wazee wakatingisha vichwa na kusema muziki wa siku hizi si muziki, wa kweli ni huu unaokuja Jumamosi.

Sharubati akakusanya tiketi za kwaya, akakaa kwenye benchi la kinyozi, mahali pake pa kila siku, akaungoja mji umjie. Wa kwanza kuja alikuwa mkurugenzi wa maji, mtu mnene, suti imembana.

"Nasikia unazo."

"Ninazo nini, mheshimiwa?"

"Hizo bwana."

"Ah, hizo zimekwisha. Zilizobaki ni za shangazi yangu. Bendi hii ameipenda tangu usichana wake."

"Nakupa mara mbili ya bei."

"Shangazi atalia, mheshimiwa."

"Mara tatu."

"Atalia kidogo."

"Mara nne! Lakini iwe ya mbele kabisa. Nataka nikikaa nionekane nimekaa."

"Basi machozi yake nitayafuta mwenyewe. Na wewe mheshimiwa, wimbo gani wao unaupenda?"

Mkurugenzi akafikiri. "Yote. Hasa ule wa kelele."

Kufikia Alhamisi mchana tiketi zote zilikuwa zimekwenda, na Sharubati alikuwa na begi ambalo ilibidi alibebe kwa mikono yote miwili. Kwaya walipomwendea, akawapa soda, moja kwa watu wawili, na ahadi, moja kwa kila mtu.

Angeweza siku ile ile kwenda kulipa kodi ya fremu, faida akabaki nayo, na habari ikaishia hapo. Alifika hadi njia panda akiwa na nia hiyo kabisa. Dhamiri alikuwa nayo, tatizo aliihifadhi mahali asipopita kila siku. Akajisemea kwamba pesa iliyozaa mara moja haijafunga kizazi, na kwamba Ijumaa ina asubuhi nzima. Akageuza njia.

Alhamisi hiyo hiyo msusi aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda kwenye fremu na utepe wa kupimia, apime mahali pa vioo. Mwenye nyumba akamshangaa.

"Pesa ipi, binti yangu? Mwanaume yupi? Mimi sijanywa chai na mtu. Kesho saa sita namkabidhi muuza simu."

Msusi akakaa kwenye kizingiti. Akalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Alilia miaka sita, akamlilia na yule mwanaume, maana alikuwa anampenda na bado alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi. Halafu akajifuta uso, akaongea kidogo na mwenye nyumba, kisha akashika njia ya kwa shangazi, ambako akina mama wa kwaya walikuwa bado wanabishana nani alikunywa soda nyingi kuliko mwenzake. Waliyoyazungumza humo sikualikwa kuyasikia.

Ijumaa asubuhi Sharubati alikuwa kwenye benchi la kinyozi, begi miguuni, akifikiria pesa ile izae nini. Alipoinua kichwa akaona foleni. Ilipita mbele ya benchi, ikakata kona, ikaingia mtaa wa nyuma. Watu wamenuna. Watu wanachungulia mbele. Hakuna anayepiga soga.

Ungedhani mtu aliyeipika sumu hii kwa mikono yake angeijua harufu yake. Wapi! Magoti yalisimama kabla yake. Akaifuata foleni mpaka karibu na mwisho wake, akamkuta shangazi.

"Shangazi! Ni za siku ya pili? Wameongeza siku ya pili?"

Shangazi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Kelele! Unataka mji mzima usikie?"

Sharubati hakuhitaji zaidi.

"Shangazi yangu, nipishe mbele. Mimi ni damu yako."

"Kweli ni damu yangu," akasema shangazi, akapumua. "Haya, pita. Jamani mpisheni mtoto wa kaka yangu, ana haraka zake."

Akina mama wakampisha kwa adabu ambayo hajawahi kuonyeshwa tangu azaliwe. Mbele kulikuwa na mlango wa bluu uliofungwa, na pembeni mwa mlango kidirisha chenye pazia. Chini ya pazia kilichomoza kiganja cha mzee.

"Unalipia?"

"Zote, mzee wangu. Zote zilizobaki, asiachiwe mtu."

"Ya mwaka mzima?" sauti ikauliza kwa mshangao.

Sharubati akaelewa kwamba ziara ya bendi itaendelea mwaka mzima, akakaribia kuzimia kwa furaha. "Hata miaka miwili, mzee, kama inawezekana!"

Akalimimina begi. Nyuma yake akina mama wakaanza kusukumana na kulalama kwamba zinakwisha, kwa hiyo aliposukumiwa bahasha nono hakuifungua, aliikumbatia kifuani akatoka mbio kwenda kukaa nayo faraghani kama mtu na mchumba wake.

Akaifungulia nyuma ya duka la kinyozi. Kadi mpya, nzuri, zinanukia wino. Kila moja ina picha ya kitana, na chini yake maneno: Kuoshwa na kusukwa, kichwa kimoja.

Akarudi mbio. Foleni haikuwepo. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, shangazi anafagia, akina mama wa kwaya wanagawana malipo yao manono, na msusi amepanda juu ya ngazi anatundika kioo.

"Pesa yangu!" Sharubati akapiga ukelele. "Mmeniingiza mjini!"

"Sisi?" shangazi akaegemea fagio. "Sisi tulisimama tu, mwanangu. Si ndiyo kazi uliyotufundisha?"

Msusi hakushuka. Alizungumza huku akikinyoosha kioo.

"Yule mzee wa dirishani ndiye mwenye nyumba. Pesa yangu ya kodi imelipa kodi. Hiyo nyingine imelipa mwaka wa pili kama ulivyotaka, imewalipa mama zako, na iliyobaki imenunua kadi. Kadi unazo, na kila moja nitaiheshimu. Sikukuibia hata senti."

"Lakini ungeniambia tu! Ningelipa!"

"Uliniambia fremu umeiona. Uliniambia mmekunywa chai." Akageuka kumtazama. "Ungekuwa umefika kwenye mlango huu hata siku moja, hata kwa kupita tu, leo ungejua pesa unampa nani. Mimi sikukuficha kitu. Wewe ndiye hukuwahi kuja."

Sharubati akaikunja bahasha, akaitia kwapani. Safari hii maneno yake yalikuwa machache.

"Na harusi?"

"Kwanza nikusamehe," akasema msusi. "Na bado sijaanza."

Mwosha huoshwa, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba huoshwa na kusukwa. Sharubati akatoka nje na bahasha yake. Jumamosi ilikuwa kesho, mji mzima ulitaka nywele za kwenda nazo kwenye roki, na kwa mbali alimwona mama mmoja aliyefunga kitambaa anakuja, anatafuta mlango. Akajiweka sawa, akavaa tabasamu.

"Karibu mama yangu. Kadi za kusukwa, zimebaki chache sana. Kwako wewe, mara mbili tu ya bei."

"Ndani wanatoza ngapi?"

"Ndani... basi nakupa kwa bei ya ndani."

Mama akautazama mlango wa bluu uliokuwa wazi, akamtazama na yeye.

"Nusu bei," akasema Sharubati.

"Sasa mwanangu, mlango uko wazi na mwenyewe namwona yumo," akasema mama kwa huruma. "Wewe hapo katikati unafanya nini?"

Akampita, akaingia ndani, na msusi akashuka kwenye ngazi kumvutia kiti.