Kuku wa Phelesia Aliyekataa Banda

Jumapili, 6 Machi 1966. Suna.

"Kuku mmoja si ufugaji, ni kitoweo." Maneno ya Elkanah, mzee wa kanisa na jirani yangu, leo baada ya ibada, mbele ya watu. Wakacheka. Uongo mtupu! Noa alianza na wangapi wa kila aina? Nilimwuliza hivyo hadharani. Akajibu kwamba Noa alikuwa na jogoo. Wakacheka tena.

Lakini hesabu haichekeshi. Kuku mmoja, mayai kumi na mawili, mara tatu kwa mwaka. Toa mwewe, toa kicheche. Krismasi nitakuwa na ishirini, na Elkanah atatafuta pa kuficha uso.

Ni kuku wa Phelesia, marehemu mke wangu. Alikuwa nao kumi na saba, na karibu wote hawakuwa kwetu! Wawili kwa rafiki huyu, watatu kwa yule, vifaranga wakigawanywa nusu kwa nusu. Ndiyo desturi ya akina mama wa huku. Niliipinga kwa miaka ishirini. Mali ya mtu ikae uani kwake! Alipofariki Novemba, nilizunguka na gunia nikawakusanya wote, nikawajengea banda moja la kisasa: mabati, wavu wa waya, chokaa, kama kijitabu cha kilimo kilivyoagiza. Januari kideri, ugonjwa wa kuku, kikaingia. Siku nne, wakafa kumi na sita.

(Sura ya magonjwa nilipanga kuisoma mvua zikianza.)

Huyu wa kumi na saba ni mkaidi. Tangu siku ya kwanza alikataa banda. Hulala jikoni kwa Phelesia, ndani ya kikapu chake cha sokoni. Hana nidhamu hata kidogo. Kwa nini alipona yeye, asiye na nidhamu, kijitabu hakisemi.

Jumatatu, 7 Machi.

Barua ya binti yangu Priscah, kutoka Homa Bay alikoolewa. Anasema, Baba, nakusihi usimchinje kuku wa Mama. Anasema Mama alimwahidi kuku wa kuanzia boma lake, na nikishindwa kumtunza huyu nimpelekee yeye.

Nikishindwa! Nimeshindwa lini? Nilimjibu kurasa nne, zenye hoja kali. Nikazichana. Wale kumi na sita, tangu Januari nilimwandikia kwamba walichukuliwa na mwewe.

Alhamisi, 10 Machi.

Tatizo ni jogoo. Mtaa mzima hauna jogoo ila wa Elkanah, naye alipona kwa sababu mke wa Elkanah alikuwa amempeleka kufugwa kwa Bhoke, rafiki ya Phelesia, kule mpakani. Bahati tu.

Simwombi Elkanah! Mpango: tundu kwenye ua wa michongoma, mahindi kidogo upande wangu, jogoo apite kwa hiari yake. Hiari si wizi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono hadi begani ndani ya michongoma, nilipoona viatu vya Elkanah. Akauliza, "Omera Javan, ndugu yangu, unatafuta nini kwangu?" Nikasema nakagua mpaka. Akasema hajawahi kuona mpaka unaokula mahindi. Kisha akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, kwamba ningebisha hodi tu angeniletea jogoo mwenyewe. Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu aliyemwita kuku wa marehemu kitoweo. Akavua kofia. Akasema samahani. Hana hata adabu ya kubishana!

Nimeziba tundu.

Jumapili, 13 Machi.

Kuku anaatamia! Mayai saba ndani ya kikapu! Bila jogoo wa mtu!

Bhoke alipita na ndizi zake za kuuza. Alipoona, alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, mayai yasiyo na jogoo ni ya kukaanga." Nikamjibu kwamba pengine jogoo alipita nisimwone. Akaacha kucheka. Akatazama jiko lote. Jivu la Novemba bado liko mafigani.

Akaniomba aende na kuku. Kwake jogoo yupo. Vifaranga nusu kwa nusu, kama zamani. Nikakataa. Huyu hatoki uani humu. Waliotoka wanatosha.

Jumapili, 3 Aprili.

Jumapili ya Matawi. Siku ya ishirini na moja. Sikwenda kanisani. Nilikaa jikoni tangu alfajiri, kwenye kigoda cha Phelesia. Mara yangu ya kwanza kukaa humo tangu mazishi.

Kuku amekonda. Kilemba chake kimepauka. Saa nane nilichukua yai moja nikalitikisa karibu na sikio. Maji matupu. La pili. Yote saba. Nilipoyarudisha, akayakusanya kwa mdomo, moja moja, akayarudisha chini ya kifua.

Nilimweleza kwa sauti kwamba humo hamna kitu. Nilimweleza vizuri, hoja kwa hoja. Hakuondoka.

Nami sikuondoka.

Jumatatu, 4 Aprili.

Nimempeleka kwa Bhoke, ndani ya kikapu chake, kwa miguu. Si kushindwa. Ni likizo. Bhoke hakunicheka. Alitoa yale saba, akamwekea mayai yake tisa. Nikauliza ni ya kuku gani. Akasema, "Usijali, shemeji. Ni jamaa zake."

Nyumbani kimya. Nimefagia jivu. Sikulitupa, nimelitia kwenye mkebe.

Jumapili, 26 Juni.

Nimeusikia ukweli wote, na ni kashfa!

Bhoke amemrudisha kuku, mnene, na kikapu chake. Vifaranga tisa walianguliwa. Mmoja akachukuliwa na mwewe (mwewe wa kweli). Nikasema basi wanne ni wangu. Akasema wamekua, na amekwisha kuwagawa: wawili Homa Bay kwa Priscah, wawili Osiri kwa Susana, rafiki mwingine wa Phelesia, wawili kwa mke wa Elkanah, wawili kwake. Ndivyo Phelesia angewagawa.

Nikauliza, jamaa zake vipi? Akaniambia bila haya: "Siku ile ulipokuja na gunia nilikupa wawili. Walikuwa watatu. Mmoja nilimfunika kwa karai." Huyo ndiye aliyetaga yale mayai!

Amemdanganya mgane, wiki mbili baada ya mazishi! Nilihutubia nusu saa nzima. Alisubiri nimalize, akasema Phelesia ndiye aliyemlea yule wa chini ya karai, kwa kumlisha mkononi. Vumbi liliniingia machoni.

Priscah ameandika. Mmoja wa kuku wake ana madoadoa shingoni, kama wale wa Mama. Barua hiyo nimeisoma mara sita.

Lakini mtu asomaye hujifunza kutokana na makosa. Nimelichunguza jambo hili kwa makini na nimelipata kosa: banda lilikuwa dogo. Leo nimemaliza kulipanua. Chokaa mpya, kufuli mpya. Nimemtia kuku ndani pamoja na kikapu. Anapiga kelele tangu adhuhuri. Atazoea.

Nakala ya barua inayotoka kesho:

Kwa Bhoke, kwa Susana, kwa mke wa Elkanah, na kwako Priscah mwanangu. Leteni kuku wa Phelesia, wote wanane, na yule wa chini ya karai awe wa tisa. Jumamosi hii, kabla ya saa sita. Asifichwe hata mmoja. Nataka wakae pamoja, mahali ninapoweza kuwaona.